Mashua ya futi 18 au ya futi 28: ipi ya matembezi, ipi ya mashindano

Juzi mtoto wa ami yangu kanipigia simu mara tu baada ya laasiri, sauti iko juu, aniambia kapata mashua mbili za kuuzwa, zote zimeshatumika, zote hapa kisiwani Lamu, moja futi 18 iko Matondoni na nyengine futi 28 imetia nanga upande wa Shela, na yeye anataka chombo cha kutembeza wageni siku za kazi na mwisho wa mwaka aingie nacho mashindano, basi achukue ipi? Nikamjibu pale pale, chukua kubwa. Nikakata simu nikaendelea na shughuli zangu. Lakini usiku ule nilikosa raha kabisa, manake nilimpa jibu la haraka kwenye jambo ambalo mtu anatolea akiba yake ya miaka, na jibu lenyewe lilitoka kwenye kosa ambalo wengi tunalifanya, tunapima chombo kwa futi. Kesho yake alfajiri nikamfuata kwao, tukaenda kuzitazama zote mbili, ikatuchukua siku tatu. Haya ninayoandika ndo yale tuliyoyapigia hesabu, na nayaandika kirefu kwa vile najua kuna vijana wengi Lamu na hata Malindi wako kwenye fikra hiyo hiyo saa hizi.

Haya, tuanze na hizo futi. Futi 28 ukiilinganisha na 18 unaona ni kama moja na nusu yake, si mbali sana. Na mwenye ile kubwa alikuwa anataka chini ya mara mbili ya bei ya ndogo, kwa hivyo mtoto wa ami aliona hapa kuna bahati, naongeza pesa kidogo napata chombo kikubwa. Sasa fikiria sufuria ya pilau. Ukichukua sufuria ambayo upana wake na kimo chake vimezidi mara moja na nusu, je inaingia mchele mara moja na nusu? Wapi, inaingia zaidi ya mara tatu, na kuni pia zinataka zaidi na watu wa kuibeba pia. Chombo ni vivyo hivyo. Tulipima urefu wa pale penye maji, yaani sehemu ya chombo inayogusa bahari kikiwa kimekaa sawa, ndogo ikatoa futi 16 na kubwa futi 25. Kubwa imezidi kama mara 1.56. Tukisema maumbo yao ni mamoja, na mashua za kwetu hazitofautiani sana kwa umbo, basi eneo la tanga na eneo la ubavu wa kupaka mafuta linazidi kama mara 2.4, na uzito unazidi kama mara 3.8. Mara nne kasoro, kwa chombo ambacho kwa macho kimezidi kwa nusu tu! Hapo ndo bei ilianza kutueleza jambo jengine, manake kama chombo kina mbao mara nne na kinauzwa chini ya mara mbili, mwenyewe anajua kitu ambacho wewe hujakijua.

Lakini uzito si adui peke yake, una faida yake na faida hiyo ndo inayowafanya wageni wapende vyombo vikubwa. Chombo kikipigwa na upepo ubavuni kinalala, na kinachokirudisha ni uzito wake pamoja na upana wake. Kwenye kubwa uzito ni mara 3.8 na upana ni mara 1.56, zidisha unapata kama mara 6. Na kinachokilaza ni tanga pamoja na urefu wa mlingoti, mara 2.4 zidisha na 1.56, unapata kama 3.8. Yaani nguvu ya kukilaza imezidi mara nne kasoro lakini nguvu ya kukisimamisha imezidi mara sita. Ndo sababu ukiwa ndani ya mashua kubwa na upepo wa saa tisa mchana unakaa na kikombe chako cha chai, na kwenye ndogo upepo ule ule unakufanya ushike ubao kwa mikono miwili. Mama wa watu kaja na watoto wake wawili kutembea, hataki kuona maji yanachungulia ndani upande wa demani, ule chombo kinakolalia. Mgeni akiogopa mara moja harudi, na anawaambia wenzake.

Upande wa mbio nao una hesabu yake na hii napenda kuieleza manake watu wengi wanadhani mashua inakwenda kasi kwa sababu ya nahodha tu. Chombo kinapokata maji kinatengeneza wimbi, omo, yaani mbele ya chombo, inaliinua na tezi, yaani nyuma yake, inakaa kwenye mgongo wa nyuma wa wimbi lile lile. Kadri kasi inavyozidi wimbi linarefuka, mpaka linafika urefu sawa na chombo chenyewe, na hapo chombo kinakuwa kama kimejichimbia shimo, kila ukikisukuma kinajaribu kupanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Kwa vyombo vizito vya aina yetu kasi ile ya mwisho inakadiriwa hivi, tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa penye maji kwa futi, halafu zidisha na 1.34, unapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Ndogo yetu futi 16, kipeuo chake ni 4, jumla noti 5.36. Kubwa futi 25, kipeuo ni 5, jumla noti 6.7. Kwa safari ya maili 10 za baharini ndogo itachukua kama saa moja na dakika 52, kubwa saa moja na nusu. Dakika 22 ni nyingi mno kwenye mashindano, kubwa itakuwa imeshashusha tanga na watu wameshakunywa maji ndogo ndo inatokeza.

Kwa hivyo kubwa inashinda? Ngoja kwanza.

Kasi ile ni ya mwisho, na ili uifikie lazima upepo uwepo wa kutosha. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo, tanga limezidi mara 2.4 lakini mzigo wa kuvutwa umezidi mara 3.8. Kila kilo ya mashua kubwa inapata tanga kidogo kuliko kilo ya ndogo, kama theluthi mbili hivi ya lile la ndogo. Upepo ukiwa hafifu ndogo inaondoka na kubwa inabaki inasubiri. Sasa jiulize mashindano yenyewe ni lini. Tamasha la utamaduni la Lamu kwa kawaida huangukia Novemba, na Novemba ndo ule wakati kusi imeshakufa na kaskazi haijashika vizuri, ni matlai, siku nyengine upepo unakuja vizuri na siku nyengine unakaa baharini asubuhi nzima maji yametulia kama mafuta kwenye sahani. Mashindano ya Januari na kaskazi imekaza ni habari nyengine kabisa, hapo kubwa inafurahi. Huwezi kujua siku yenyewe Mungu ataleta upepo gani lakini miezi unaijua.

Na kuna suala la unashindana na nani. Uingereza chama chao cha michezo ya mashua, Royal Yachting Association, wana mpango unaoitwa Portsmouth Yardstick ambao kila aina ya chombo inapewa namba yake, mkimaliza mbio muda wako unagawanywa kwa namba ile kisha unazidishwa na 1000, ndo wanajua nani kashinda. Mfano, chombo cha namba 1000 kimetumia dakika 60, hesabu yake inabaki 60. Chombo kidogo cha namba 1100 kimetumia dakika 64, ukifanya hesabu unapata 58 na kidogo, basi huyu wa pili aliyefika nyuma ndiye mshindi. Mimi naona ni haki sana. Lakini mbio za kwetu raha yake ni kuona nani kapita kwanza, watu wamejaa ukutani wanapiga kelele, hakuna mtu atakayesubiri kikokotoo. Kwa hivyo kabla hujatoa shilingi nenda kwa waandaji uulize, mwaka huu vyombo vinapangwa vipi, vya ukubwa gani vinaruhusiwa, manake unaweza kununua mashua nzuri sana halafu ukajikuta unashindana na vyombo vilivyokuzidi futi kumi na hakuna ufundi utakaokuokoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote, nalo ni watu. Siku ya pili tuliitoa ile kubwa kwenda kuijaribu. Tulikuwa watano, mwenyewe, baharia wake, mimi, mtoto wa ami na mdogo wake. Mwenyewe ni mtu mzima, mstaarabu sana, tulipomwamkia "Sabalkheri ami" akatupokea vizuri akatutilia kahawa kabla hata hatujataja mashua. Tukapandisha tanga, jamani, henza ile, kamba ya kupandishia tanga, ilitaka watu wanne wote tuvute pamoja, mtu wa tano kashika usukani, na foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu kuliko chombo chenyewe. Likashiba upepo, mashua ikaanza kwenda, wallahi ilikuwa tamu, imetulia, maji yanapiga omo taratibu. Mtoto wa ami ananitazama anacheka, nilijua moyoni ameshainunua.

Halafu tukataka kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku, kurudi juu. Mnajua tanga la kwetu lilivyo, si kama yoti ambayo unageuza usukani na tanga linahama lenyewe. Foromali inakaa upande mmoja wa mlingoti, ukitaka kubadilisha upande lazima uachie chombo kiende na upepo, tanga lipepee kwa mbele, foromali isimamishwe wima kwenye mlingoti, mtu avute mguu wake wa chini auhamishe, na mwengine akimbie na kamba ya demani, ile ya kukazia tanga, apite nayo mbele aizungushe upande wa pili. Kwenye mashua ya futi 18 hiyo ni kazi ya watu wawili au watatu na mkizoea mnaifanya kabla hujahesabu kumi na tano. Kwenye hii sisi watano ilitushinda. Foromali ilisimama, mguu wake ukakwama, mdogo wake mtoto wa ami akavutwa na demani mpaka akapiga magoti kwenye mbao, viganja vikachubuka vyote viwili, na chombo wakati huo wote kinaserereka kuelekea mikoko ya kisiwa cha Manda, na kitu cha tani kadhaa kikiserereka hakisimami kwa kusukumwa na pondo. Tuliokoka kwa sababu mwenyewe alipiga kelele tushushe tanga lote chini, tukalishusha, tukatia nanga, tukakaa kimya kidogo. Kisha akasema, na hakuwa anaficha kitu mzee wa watu, "Hii yataka watu wanane wanaojuana, mimi wanangu wameondoka wote, ndo maana naiuza."

Bas, hapo ndo bei yote ilipoeleweka.

Na hiyo ni ya kutembea tu. Ikiwa ni mashindano watu ndo farumi yenu, yaani wao ndo uzito unaosimamisha chombo, wengine wanatoka nje kabisa kwenye ubao upande wa joshi, unakotoka upepo, wananing'inia juu ya maji, wengine wanahamisha magunia ya mchanga kila mkigeuza, mtu mmoja anafua maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, muda wote. Mashua ya futi 18 watu watano waliozoeana inawatosha. Ya futi 28 unataka kama kumi, na si kumi wa kuokota pwani asubuhi ya siku yenyewe, kumi wanaokuja mazoezini jioni, wanaojua mwenzake atakanyaga wapi. Nikamuuliza mtoto wa ami, tusidanganyane, siku ya Jumanne saa kumi jioni ukiwapigia watu simu njooni tufanye mazoezi, watakuja wangapi? Akahesabu kwa vidole, akafika wanne. Na yeye watano.

Kwa matembezi hesabu ya watu inageuka, manake hapo unahesabu wanaolipa. Wageni wengi wanaokuja kutafuta chombo hapa ni wawili wawili, au jamaa ya watu wanne. Kundi la watu kumi lipo lakini si kila siku, na siku halipo ile mashua kubwa inataka mabaharia wale wale na mafuta yale yale ya mashini kubeba watu wawili. Ukiwa na ndogo unabeba watu wanne, baharia mmoja na wewe, jiko la mkaa ndani ya sanduku la mchanga, samaki, kulboksi, turubali la kivuli, mmeshajaa lakini mmeshajaa na faida. Ila usijaribu kuongeza mmoja juu ya idadi iliyoandikwa kwenye leseni, KMA, ile mamlaka ya bahari ya Kenya, wanaandika idadi ile kwa sababu, na laifu jaketi ziwe kwa kila kichwa na ziwe zinafungika, si zile zimekatika kamba zimewekwa kuonyesha tu.

Kuna na maji yenyewe. Visiwa vyetu hivi ukitoka kwenye mkondo mkubwa kila kitu kinategemea maji kujaa na kupwa, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ni kama mita tatu, mahali ulipopita asubuhi ukielea jioni wanatembea kaa. Kwenda Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, unaingia kwa kijito cha mikoko na maji lazima yawe yamejaa. Kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, kwenda Pate na Faza pia unasubiri maji. Mashua ndogo inayotaka maji ya magotini inakupa muda mrefu zaidi wa kuingia na kutoka, kubwa inayotaka maji ya kiunoni au zaidi ukichelewa kunywa chai umelala huko na wageni wako na mbu. Lakini ukitoka nje ya mlango wa Shela wakati wa kusi, bahari kuu ile, au ukitaka kwenda Kiwayu ukalale siku mbili tatu, hapo mimi sikai kwenye futi 18 na wageni, hapana. Safari ya Kiwayu ni zaidi ya kilomita 50, mnataka pa kulala, maji ya kunywa, chakula, na chombo kinachosimama. Kama mtoto wa ami angesema nia yangu ni Kiwayu tu na nina watu wangu wanane, ningemwambia chukua ile kubwa na ubovu wake wote.

Ubovu wenyewe nao niueleze, manake kuitazama mashua kuukuu ni kazi na watu wanaifanya kwa kutazama rangi. Rangi mpya kwenye mashua ya kuuzwa mimi inanitia wasiwasi kwanza. Subiri maji yapwe chombo kilale mchangani, zunguka chini yake polepole. Tafuta michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye vichwa vya misumari, kama machozi, ukiona mmoja wawili si neno, ukiona mstari mzima ujue misumari imekwisha na ubao ule umeshikwa na mazoea. Gonga kwa mpini wa nyundo, ubao mzima unalia kavu na mkali, uliooza unajibu kama unagonga papai. Halafu ingia ndani uinue mbao za kukanyagia utazame ngama. Ile ndogo ya Matondoni tulipoinua tukakuta maji kidogo, meusi, yananuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka mbao, na samaki wa zamani, hiyo kawaida. Nikashika kisu kidogo nikaanza kuchoma taratibu pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, shibiri kwa shibiri kutoka omo. Ncha ilikuwa inagoma, inagoma, inagoma, nilipokaribia mlingoti ikazama kama siagi mpaka nusu ya kidole. Nikachoma tena pembeni, ikazama. Urefu wa mkono mmoja hivi, ubao umeliwa na wale wadudu wa bahari wanaotoboa mbao, kwa nje hujui kitu, tundu ni kama la sindano, ndani ni vichochoro vitupu. Fundi akaja akatazama, akapitisha mkono kwenye mataruma mawili ya jirani, zile mbavu za chombo, akasema haya yako hai, ubao ndo wa kubadilisha. Hicho kilinipa moyo, manake ubao unabadilika, lakini mkuku ukioza au mataruma yakiwa yamevunjika kadhaa upande mmoja, hapo unanunua kuni.

Kubwa nayo ilikuwa na matatizo, haikuwa mbovu sana, ila kila tatizo lilikuwa na futi zake. Kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, imekauka upande mzima, inachungulia. Chombo chochote cha mbao kinataka kupandishwa mara kwa mara kwa mwaka, kichomwe moto wa makuti chini kuua wadudu, kipakwe deheni ile ya shahamu na chokaa, juu kipigwe sifa. Ndogo mnaipandisha na majirani kwa bamvua moja na kazi mnamaliza haraka. Kubwa eneo lake mara 2.4, uzito mara nne, unataka watu wa kuvuta, miti ya kuiegemeza, siku zaidi za fundi, na siku zote hizo haiingizi hata shilingi. Hiyo haikuandikwa kwenye bei ya kuuzia lakini utailipa kila mwaka.

Tanga nalo usilisahau. Kitambaa cha pamba kile wazee wanakiita marekani, jina limetokana na nguo za pamba zilizokuwa zikija na meli kutoka Marekani karne ya 19, kikizeeka kinalegea katikati kinafanya tumbo. Tanga lenye tumbo linakwenda vizuri upepo ukiwa nyuma, lakini kwenye kubisha halikusaidii, na mashindano mengi mtu anayashinda au anayapoteza kwenye kubisha. Lipandishe, kaza, ulitazame kutoka pembeni. La ile ndogo lilikuwa na tumbo na viraka saba, hilo tuliliweka kwenye bei kama kitu cha kununua upya. Tanga la matembezi linaweza kubaki lile la zamani na la mbio likashonwa jipya, watu wengi wanafanya hivyo. Na unapokwenda kwenye mbio unashusha kivuli chote, jiko, mashini, mikeka, kila kitu kisichovuta wala kisichokaa kwenye ubao.

Jambo la makaratasi nitalisema kwa ufupi lakini lisikupite. Chombo kuukuu Lamu mara nyingi ni cha mirathi. Aliyekuonyesha anaweza kuwa mmoja wa warithi watano, mwengine yuko Mombasa mwengine yuko Oman, na wote wana haki. Ile ya Matondoni ilikuwa ya ndugu watatu, tulisubiri siku nzima mpaka dada yao akaridhia mwenyewe kwa simu na wazee wawili wakasikia. Ukinunua bila hivyo, siku utakayoshinda mbio ndo siku atakayetokea mtu kusema hiki ni chombo cha marehemu baba.

Alichukua ndogo. Hakufurahi siku ile, nilimuona, alikuwa akipita pwani ya Shela anaitazama ile nyengine. Lakini ana watu wanne, wageni wake ni wawili wawili, njia zake ni Takwa na Manda Toto na kurudi na jua likizama, na pesa iliyobaki inatosha ubao, kalafati na tanga jipya. Ile kubwa angeinunua ikamaliza pesa yote siku ya kwanza na ingekaa nangani ikisubiri mabaharia.

Saa hizi naandika mashua iko juu ya mchanga Matondoni, imeegemezwa kwa miti, ule ubao mbovu umeshatolewa na kwenye pengo lake unaona mpaka upande wa pili. Fundi anasema bamvua ya mwezi mpevu ikija itashuka. Mdogo wake viganja vimeshapona, na jana usiku walikuwa wamekaa barazani wote watano wanabishana nani atakaa kwenye ubao na nani atashika demani.